Nyufa Chini ya Lipu

Paulina na mumewe Yoramu walikuwa wakulima wa zabibu Hombolo. Asubuhi walipogoa mizabibu, jioni walimwagilia. Sasa umri ulikuwa umeanza kuwaelemea.

"Tutainama shambani hadi lini?" Paulina aliuliza. "Tununue nyumba tupangishe. Hapa wapangaji hawakosekani."

Wakapata nyumba ya zamani ya matofali mabichi, kwa bei ya chini sana. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa kutoka chini hadi karibu na bati. Kidole kilipenya.

"Lipu itauziba," alisema Yoramu.

Wakapiga lipu, wakapaka rangi, wakabadilisha mabati mabovu. Nyumba ikapendeza. Akahamia Jenifa, fundi cherehani, mwanamke mpole asiye na makuu. Aliweka cherehani yake penye dirisha la nyuma, apate mwanga.

Mvua zilipoanza, Jenifa alimwendea Paulina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri. Ila ule ufa umerudi. Na mlango wa nyuma umekaza, haufungiki tena."

"Nyumba za zamani ndivyo zilivyo. Mvua zikipita tutauziba."

Jenifa akaitikia, akarudi kushona.

Januari mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne, saa tano asubuhi, ukuta wa nyuma uliangukia ndani. Jenifa alikuwa anashona sare za shule. Majirani walimfukua kwa majembe na mikono. Walimkuta hai, lakini mguu wake wa kulia ulikuwa umesagika. Hospitalini ukakatwa juu ya goti.

Paulina alikwenda kumwona. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi ya pole. Alipofika, aliketi kando ya kitanda.

"Nilikuja kwako, mama," Jenifa alisema kwa sauti ndogo. "Ungeniambia nihame, ningehama."

Wiki tatu Paulina hakutoka nyumbani, hata kanisani hakwenda. Hatimaye Yoramu alimleta mzee Optatus, fundi aliyejenga majengo makubwa maisha yake yote. Optatus alichimba pembeni ya ukuta ulioanguka, akawaita.

"Tazameni. Msingi huu haufiki hata futi moja. Na udongo huu mweusi ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa. Ukuta umekuwa ukitembea kila mwaka. Maji ya bati nayo yanamwagika hapa hapa."

"Lakini tulipiga lipu nzuri," alisema Yoramu.

"Lipu ni nguo. Nguo haiungi mfupa uliovunjika."

Paulina akauliza polepole, "Tungejuaje?"

"Ufa mwembamba kama unywele, kwenye lipu tu, mara nyingi si neno. Lakini ufa unaopenya pande zote mbili, au mlango unaoanza kukaza, huo ni ukuta unaosogea. Mtoe mpangaji siku hiyo hiyo, ndipo uite fundi. Kabla ya kununua, nenda na fundi. Waulize majirani maji ya mvua hupita wapi. Ukiwa na shaka na ufa, bandika saruji kidogo juu yake, uandike tarehe. Ikipasuka, ukuta bado unatembea."

"Na hii tuikarabati vipi?"

"Hii si ya kukarabati, mama. Ibomoeni."

Waliuza nusu ya shamba la zabibu. Kwanza walimnunulia Jenifa mguu wa bandia na cherehani ya umeme. Alivipokea, lakini kwenye kiwanja kile hakukanyaga tena. Kisha wakajenga upya. Optatus alisimamia: msingi wa mawe uliofika kwenye udongo mgumu, mkanda wa zege na nondo juu ya kuta, na mfereji wa kupeleka maji mbali. Misimu miwili ya mvua imepita bila ufa. Mwalimu Ludovick anaishi humo na familia yake.

Mwaka jana Frida, mjane wa jirani, alitaka kununua nyumba ya bei rahisi. Ilikuwa imepakwa rangi mpya. Tayari Frida alikuwa amepata mpangaji wa kuhamia humo, mama mwenye watoto wawili. Paulina akaomba aende naye, akamchukua na Optatus. Waligonga lipu mpya, ikabanduka. Nyuma yake kulikuwa na ufa wa kupitisha mkono.

"Usinunue," Paulina alimwambia. "Mimi niliuona wangu, nikauziba."

Frida akaacha kuinunua. Mwenye nyumba alikasirika, akawaita wachawi wa biashara yake.

Machi iliyofuata nyumba ile ilianguka, paa na kuta zote. Ndani hamkuwa na mtu.