Abiria wa Kiti cha Nyuma

Gari lilikuwa limeinama nyuma, upande wa kushoto, na ndani hakukuwa na mtu wala mzigo. Seremala aliliona hilo siku ile ile aliyolinunua, akapuuza. Muuzaji hakumficha kitu. Injini ilishabadilishwa, giaboksi nayo, na springi za nyuma alizibadilisha mpaka akachoka. Seremala akaona gari lililotengenezwa kiasi hicho ni jipya kasoro jina. Watu wa mbao wana maringo yao. Hudhani kila kilichopinda kitanyooka.

Tusimcheke sana. Mimba ya kwanza ya mkewe iliishia kando ya barabara, wakisubiri usafiri, na mtoto akafia mikononi mwao. Sasa mkewe alikuwa mjamzito tena, siku zake zimekaribia, na seremala alikwisha kuapa kwamba safari hii hasubiri gari la mtu.

Fundi wa magari, ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, alijilaza chini ya gari, akatoka akijifuta mikono. Springi ni mpya, alisema, hazina hata ufa. "Kaka, hili gari limekaa kama lina mtu," akamalizia, na wote wawili wakacheka.

Mama mkwe akaja kumsaidia bintiye, na seremala akaenda kumpokea kituo cha mabasi. Aliacha mlango wa nyuma wazi, akazunguka kumtafuta asimwone. Aliporudi alikuta mlango umefungwa na ndani kunanukia marashi mazito. Akajua mama ameshapanda. Hakugeuka wala hakutazama kioo, kwa kuwa alikuwa na adabu iliyopitiliza. Tangu aoe hakuwahi kumtazama mama mkwe usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," sauti ikajibu taratibu.

Njia nzima aliongea yeye. Alieleza jinsi mkewe anavyojisikia, na kitanda kidogo alichokichonga mwenyewe. Walipokaribia nyumbani furaha ikamzidi, akasema, "Karibu sana kwetu, mama. Mtoto akizaliwa, wewe ndiye utakayempokea wa kwanza."

"Nimekubali."

Alipofika, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, begi miguuni. Akamlaumu kwa upole kwamba alimngoja kituoni mpaka akakata tamaa, akaja na pikipiki. Seremala alirudi garini akagusa kiti cha nyuma. Kilikuwa na joto.

Tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Marashi yalitangulia kuingia chumbani kabla ya mtu. Asubuhi moja mkewe alimshukuru mama yake kwa kumkanda mgongo vizuri, na mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kuanika nguo, akaweka beseni chini, akasema yeye hajamgusa. Na mchana, nyumba ikiwa kimya, waliisikia ile sauti ya taratibu ikimbembeleza mtoto ambaye bado alikuwa tumboni, na mtoto akicheza kwa nguvu kila inapoanza na kutulia kila inapokoma, mpaka mkewe akajikunyata ukutani, mikono yote miwili juu ya tumbo, akinong'ona, "Mume wangu, huyu anamjua mwanangu."

Akaletwa mganga, mama mmoja mpole, mwenye maneno machache. Alifukiza, akasoma, akazunguka kila chumba mpaka marashi yakaisha. Kisha akamwita seremala pembeni, mama mkwe akisikia.

"Wenzako waliokuwa na gari hili walibadilisha vyuma tu. Yeye hakai kwenye vyuma. Na wewe umemkaribisha, ukamwahidi mtoto. Nimemtoa ndani, amerudi kitini kwake. Ijumaa nitakuja kumtoa garini. Kabla ya hapo, mkeo asipande."

Uchungu ulianza Alhamisi, mvua ikinyesha kama imetumwa. Seremala aliwapigia madereva wote aliowajua. Mmoja alikuwa amekwama kwenye maji, wengine hawakupokea. Mkewe alipiga ukelele ule ule wa kando ya barabara. Aliogopa gari, lakini kusubiri alikuogopa zaidi.

Mama mkwe ndiye aliyekata shauri. "Washa gari, baba. Kile kiti nitakikalia mimi. Akimtaka mwanangu, aanze na mimi."

Wakaondoka hivyo, mke amejilaza nyuma, mama yake ameketi kushoto akimshika mkono na kuomba dua kwa sauti, na mvua ikipiga bati la gari, na marashi yakipanda kidogo kidogo hadi yakamkaa seremala kooni, na katikati ya kelele zote hizo dua ikazidi kushuka, ikawa mnong'ono, ikakatika, asijue ni wapi hasa ilipokatika, kwa sababu hapo hapo mtoto alilia.

"Mzima?" seremala akauliza, machozi yanamtoka.

"Mzima," akajibiwa taratibu.

Alifunga breki mbele ya hospitali. Wauguzi walifungua mlango, wakamshusha mkewe kwenye machela, kisha mmoja akanyoosha mikono apewe mtoto. Hakupewa. Seremala akageuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama mama mkwe usoni. Sura ilikuwa ya mama mkwe. Macho hayakuwa yake, nayo yalimtabasamia kama mtu aliyetimiziwa ahadi.

"Mwambie mama anipe mwanangu," mkewe akasema kutoka kwenye machela. "Mbona humwambii?"