Espreso ya Ndaki

Shangazi Mariana alikuwa anakuja Geita Jumapili kumkagua mwanaume, na mwanaume mwenyewe alikuwa amenunua mashine ya kahawa.

"Mashine gani?" Limi aliuliza kwenye simu. Alikuwa dukani kwake Shinyanga mjini, mkasi mkononi, mteja akisubiri kitenge chake.

"Ya mkono, malkia wangu. Unachemsha maji ndani, unashusha mkono, springi inasukuma, espreso inatoka. Ndiyo wanayokunywa wazungu wa mgodini."

"Na wewe ni mzungu wa mgodi upi?"

"Cheka tu. Mhandisi mmoja anarudi kwao, kauza vyombo vyote. Watu wamekimbilia makochi na friji. Mimi nimeona mbali."

"Ndaki, Shangazi anakunywa chai ya maziwa. Mpikie chai."

"Chai kila mtu anapika, mpenzi."

Limi akakata simu, akakata na kitenge, vyote kwa hasira moja.

Walikuwa wamekutana Buseresere siku ya mnada, Limi amepeleka vitenge. Ndaki alitokea katikati ya vumbi la ng'ombe na shati jeupe na viatu vyenye ncha, akataka kitenge cha bei ya juu kuliko vyote.

"Chukua hiki hapa," Limi alimwambia. "Bei nitaipandisha ukishafungua pochi."

Ndaki alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mtu, akapaza sauti mnada mzima usikie kwamba amepata mke. Limi akampenda hapo hapo, maana wanaume wanaokubali kuchekwa ni wachache. Baadaye aligundua kwamba Ndaki hakujua kuwa anachekwa. Lakini mapenzi yalikuwa yameshaingia, na mapenzi hayana adabu ya kutoka yakiambiwa.

Baba yake Limi alikuwa amefariki, kwa hiyo neno lilikuwa la Shangazi, dada wa baba. Posa isingepokelewa mpaka Shangazi ale na kunywa nyumbani kwa mwanaume. Limi alikuwa amevuka thelathini, na ndoa hii aliitaka, pamoja na ujinga wote uliokuwa ndani yake.

Jumapili ikafika. Shangazi alitoka kwake Mhunze na kilemba cha zambarau na gauni la kanisani, Limi kando yake. Ndaki alimpokea kwa suti ya bluu inayong'aa kama karatasi ya pipi. Makochi yake bado yalikuwa na nailoni. Juu ya meza, kwenye kitambaa cha kufuma, mashine ilisimama na mkono wake juu kama mtu anayeomba kuchangia hoja.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Hii pampu ni ya nini?"

"Ya kahawa, Shangazi. Kaa, uone."

Ndaki alipima unga wa kahawa kwa mizani yake ya kupimia dhahabu, kidogo kidogo, akishika pumzi. Akaujaza kwenye kikombe cha matundu, akakifunga chini ya mashine, akashusha mkono, akauachia. Unga ulikuwa na chenga kama pumba, haukuzuia maji hata kidogo. Mkono ulifyatuka, ukampiga kidevuni.

"Mayu wee!" Shangazi aliruka. "Inapigana?"

"Inazoea," Ndaki alisema, akipangusa damu mdomoni.

Safari ya pili aliushikilia kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Jasho lote lile, kikombe kidogo kikafika nusu.

"Hii ni ya kuonja?" Shangazi aliuliza kwa upole.

Hapo ndipo uchimbaji ulipomponza. Ndaki ana shimo lake la dhahabu, na mchimbaji hatupi matope yaliyokwisha kuoshwa. Huyaita marudio, huyaosha tena, kwa sababu anaamini mali imebaki humo. Basi akafungua mashine, akakung'uta machicha yote ndani ya kikombe, akakoroga.

"Marudio, Shangazi! Utamu wote uko huku."

Shangazi alikuwa mtu wa heshima. Alikunywa, na palipokosa maji akatafuna. Ghafla meno yakalia ka! Akatema kiganjani: kipande cha jino la mbele, na kijiwe cheupe.

Limi alikimbilia jikoni kuchukua maji. Kando ya jiko akakiona kinu cha chuma, kile Ndaki anachopondea mawe ya shimoni kuangalia kama yana dhahabu, kimejaa vumbi la kahawa.

"Umeponda kahawa humu? Ulikiosha?" alipiga kelele akirudi.

 Ndaki alikuwa amechukua kile kijiwe kutoka kiganjani mwa Shangazi, yuko dirishani, lensi jichoni. Nyuma yake mama mzima amefunika mdomo kwa ncha ya kilemba, damu inapita kati ya vidole.

"Lina rangi ya dhahabu hili," Ndaki alinong'ona. "Limi, njoo uone. Lina rangi!"

 Limi akamshika Shangazi mkono, wakatoka.

Ndaki alipiga simu wiki nzima. Malkia, pokea. Mpenzi, nimekosa. Ndaki hakuwa mtu mbaya. Alikwenda Mhunze, akapiga magoti, akamlipia Shangazi jino jipya, zuri kuliko la zamani. Shangazi akacheka, akamsamehe.

"Mjinga anafundishika, mwanangu," alimwambia Limi. "Aje tu na washenga."

Ndaki alifika dukani akitabasamu, suti ile ile. "Umesikia? Shangazi amekubali! Mashine nimeitupa, naapa."

"Ungebaki nayo."

"Sasa kosa liko wapi, mke wangu? Jino si limerudi?"

"Jino na jiwe vilikuwa kwenye kiganja kimoja, Ndaki. Wewe ukachukua jiwe."

"Nilishtuka!"

"Ndiyo. Mtu akishtuka, hushika kilicho chake." Akavuta kitenge kwenye rafu. "Kama hununui, nipishe mlango, kuna wateja."

Ndaki akaondoka. Limi hakulia mbele ya wateja.

Kikombe kile, ambacho hata hakikujaa, kilimgharimu Ndaki mke. Kilimgharimu Shangazi jino lake la asili. Limi kilimgharimu mwanaume pekee aliyewahi kumtaka kwa sauti sokoni, jina la mama fulani alilokuwa ameanza kujiita kimoyomoyo, na kitenge cha harusi alichokificha chini ya kaunta, ambacho jioni ile alikitoa, akakiuza kwa mita.