Swali la Ishbel Kuhusu Kilti

Kila Jumanne na Alhamisi baada ya shule, watoto wa kijiji chetu, Balmorna, hutupa mikoba yao nyumbani, hula mkate wenye siagi wakiwa wamesimama, kisha hukimbilia ukumbi wa kanisa kwa mazoezi ya bendi. Kumi hupuliza zumari za mfuko na sita hupiga ngoma. Mimi hukaa pembeni karibu na hita, kwa kuwa ndimi fundi wa kilti zao, zile sketi za sufu za mirabaraba zenye marinda kwa nyuma. Watu hudhani naenda kwa ajili ya kazi. Naenda kwa ajili ya umbeya.

Ishbel alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna aliyemfikia kwa ngoma. Shida yake ilikuwa kilti. Sufu ilimwasha kiunoni, mapajani na nyuma ya magoti. Mpiga ngoma naye hana mkono wa kujikunia, yote miwili ina kazi. Siku ya kumzika mzee Gilchrist, wakati kijiji kizima kimeinamisha vichwa na zumari zinalia polepole, Ishbel alishindwa. Alipenyeza kijiti cha ngoma chini ya kilti akajikuna kwa raha zake, macho ameyafumba. Zumari zikaenda huku, ngoma kule. Hata mjane aligeuka kutazama.

Alhamisi iliyofuata, kiongozi wa bendi, Bwana Torkil mwenye masharubu mekundu, alimwita mbele ya wenzake.

“Ishbel, umetuaibisha.”

“Kilti inawasha, Bwana.”

“Inawasha! Babu zako walivuka milima kwa kilti, theluji hadi magotini. Umewahi kusikia kwamba walijikuna?”

“Sikuwepo, Bwana. Na wewe hukuwepo.”

Watoto walicheka. Bwana Torkil hakucheka.

“Sikiliza, binti. Uvae na uvumilie, au Jumamosi ijayo tutakwenda kwenye mashindano bila wewe.”

Mwaka mzima walikuwa wamejiandaa kwa mashindano hayo.

“Basi nitapiga nikiwa na suruali.”

“Bendi yangu haina suruali.”

“Mpakeni poda, bado mtoto mchanga!” akadakia Lachlan, mpuliza zumari. Lakini mimi nilimwona Lachlan huyo huyo akisugua paja lake kwenye mguu wa kiti.

Kesho yake Ishbel alikuja kwangu. Alikuwa na vipele vyekundu mapajani, na vingine alivikwangua kwa kucha hadi vikatoa maji. Nilimwosha, nikampaka dawa na kumkata kucha.

“Bibi Effie, ni mimi peke yangu ninayewashwa?”

“Waulize wenzako.”

“Nitaulizaje? Kwetu kilti hutakiwa iguse ngozi, na mtu haulizwi amevaa nini chini yake.”

“Hiyo ni desturi, mjukuu wangu, si sheria. Polisi hawatakuja.”

Alinikazia macho. “Wewe unajua kitu.”

“Mimi fundi. Siri ya mteja haitoki mdomoni mwangu,” nikasema, nikabana pini tatu kwenye midomo ili nisishawishike.

Jumanne Ishbel alikuja mazoezini na kilti yake, lakini hakushika ngoma. Alisimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni.

“Kabla sijapiga nina swali. Bwana Torkil, wewe umevaa nini chini ya kilti yako?”

Zumari ya mtu mmoja ilivuja upepo ikatoa mlio kama wa ng’ombe mgonjwa.

“Mtoto wewe! Hilo haliulizwi!”

“Ndiyo maana tunaungua kimya kimya! Lachlan, unawashwa au huwashwi?”

“Mimi? Aka!”

“Sema kweli.”

Lachlan aliangalia viatu vyake. “Nikifika nyumbani nakaa kwenye beseni la maji baridi.”

“Na mimi,” akasema mwingine. Mikono ikaanza kunyooka, mmoja baada ya mwingine, hadi yote kumi na sita ikawa juu.

“Ukiniambia huna kitu na huwashwi, Bwana, nitavaa na sitafungua mdomo tena,” akasema Ishbel. “Ila ukumbuke tumo ndani ya ukumbi wa kanisa, hapasemwi uongo.”

Bwana Torkil alinitazama. Mimi nilitazama dari. Uso wake uliiva hadi masharubu hayakuonekana tena. Kisha akalegeza mkanda wa ubavuni, akakunja ncha ya kilti yake. Ndani kulikuwa na bitana nyeupe ya pamba, kutoka kiunoni hadi chini, imeshonwa vizuri sana, nami sisemi ni nani aliyeishona.

“Naivaa miaka ishirini na miwili sasa,” akasema kwa sauti ndogo. “Kabla yake nilijikuna hadi nikapata vidonda. Nikaona aibu kusema.”

Siku zile zilizobaki tulishona bitana kumi na sita. Kila mtoto alishona ya kwake, na Bwana Torkil alipewa sindano pia. Alijichoma vidole vinne, na hakuna aliyemwonea huruma.

Jumamosi, kwenye manyunyu, aliwapanga kando ya uwanja.

“Niliwaambia mvumilie jambo lenye dawa, na dawa yenyewe nilikuwa nimeivaa mimi. Nimekosa. Mwili ukikusumbua, sema mapema, kabla haujawa kidonda na kabla hujaharibu shughuli za watu. Na mkubwa akikwambia uvumilie, muulize kwa heshima kama na yeye anavumilia. Mmenielewa?”

“Ndiyo, Bwana!”

“Haya, twendeni.”

Ishbel hakusogea.

“Nini tena?”

“Soksi, Bwana. Nazo ni za sufu.”

Bwana Torkil alitazama mbingu. Akatoa leso mbili za pamba mfukoni, akapiga goti kwenye majani mabichi mbele ya bendi nzima na majaji wote, akasema, “Lete mguu.”

Bendi ya Balmorna iliingia uwanjani imechelewa dakika tano, na hakuna aliyejikuna.