Vitunguu Vilivyobaki Ng'ambo

Jumapili, tarehe 30 Julai 2023, wakubwa walifunga daraja letu la Gaya, hapa Niger. Jana yake vitunguu vyangu vyote vya msimu, magunia arobaini, vilikuwa vimevuka mto kwenda Malanville, upande wa Benin, kwa Salamatou, mdogo wa marehemu mke wangu, aniuzie. Wanajeshi walikuwa wamechukua nchi, nchi jirani zikakasirika, na mimi mkulima nikaambiwa nisubiri.

Nilisubiri hadi Oktoba, shule zikafunguliwa. Binti yangu Hamsatou wa darasa la sita alinisikia kutwa nikimwambia kila mtu kwamba Salamatou ameshakula mali yangu, na kwamba watu wa ng'ambo wote ndivyo walivyo.

Mwalimu Mounkaila akawapa kazi ya somo la ukanda wetu: kila mtoto aandike habari za nchi jirani baada ya kumuuliza mtu anayeishi huko. Hamsatou hakuuliza mtu. Aliandika maneno yangu, kisha akatia chini kwamba kaambiwa na mama yake mdogo, Salamatou.

Nikaitwa shuleni. Nilikwenda nimekunja uso.

"Baba Hamsatou, huyu mama kweli kasema watu wake ni wezi?"

"Muulize mwandishi mwenyewe."

Hamsatou akatazama miguu yake. "Nilidanganya, Mwalimu. Baba alikataza tusimpigie."

Mwalimu hakumchapa. Aliomba simu yangu, akampigia Salamatou, akaweka sauti tusikie sote.

"Shemeji, leo umenikumbuka?" Salamatou alikuwa mkali. "Miezi miwili napiga, hupokei. Unanuna kama bibi harusi."

Akatueleza. Malori ya wanunuzi yalikwama, vitunguu vikaanza kuchipua. Akakusanya wanawake wa mtaani kwake, wakaviponda na kuvikausha juu ya mabati, vikawa gabou, kile kitunguu kikavu tunachotia kwenye mchuzi. Hakikuoza hata kimoja. Nyanya zake yeye, alizozoea kuvusha kuuza kwetu Gaya, ndizo zilizooza. Na huko kwao, alisema, wanaambiwa sisi ndio tunaowachukia.

Nilimwomba radhi mbele ya mtoto.

Mwalimu akamgeukia Hamsatou. "Dunia inapangwa upya, binti. Jumuiya za nchi jirani zinayumba, serikali zinatafuta marafiki wapya wa mbali. Kama hujui jirani yako analima nini na anaogopa nini, utaambiwa lolote, nawe utaliamini. Ndiyo maana tunasoma habari za ukanda wetu, na ndiyo maana hatudanganyi tunapoziandika. Nenda kaandike upya."

Aliandika kurasa tatu, zote za kweli.

Gabou yangu iko Malanville, salama kwenye magunia, na daraja bado limefungwa. Mimi niliishia darasa la tatu. Wale waliolifunga, wa huku na wa kule, wamesoma hadi Ulaya. Mbona hawamjui jirani anayeonekana kwa macho?