Stoo Aliyoijenga Dawudi

Kila Ijumaa, akishamaliza kufagia ua, Bushira alikuwa na kazi moja aliyoipenda. Alifungua stoo ya nyuma, akashusha tabaga za marehemu mama yake na kuzipangusa vumbi. Tabaga ni vifuniko vya chakula. Wanawake wa Kinubi huvifuma kwa ukindu wa rangi: nyekundu, kijani, zambarau. Mama yake alimwachia tabaga kumi na nne. Kila alipozishika, Bushira aliona tena harusi za zamani, na akina mama wakija na sinia kichwani huku wakiimba.

Bushira aliishi na binti yake, Rukiah, katika nyumba ya zamani kwenye mteremko chini ya kilima cha Kyambogo, Kampala. Stoo hiyo ilijengwa na marehemu mume wake, Dawudi, dereva wa jeshi. Kila alipopata likizo, Dawudi alifyatua bloku za saruji kwa mikono yake. Bushira alizimwagilia maji asubuhi na jioni ili zisipasuke. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja tu, na Rukiah alikuwa mgongoni.

Ijumaa moja ya mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imenyesha wiki nzima, Bushira alishusha tabaga ya kwanza akaguna. Ilikuwa imeota kuvu. Alipoigusa, ukindu ukakatika. Ya pili ilikuwa vile vile. Ya tatu ilikuwa imepoteza rangi zote.

"Rukiah! Njoo uone!"

Rukiah alitoka jikoni, mlango wa pili, mwiko ukiwa bado mkononi.

"Mama, nimesema mara ngapi? Tulipaka ukuta rangi ya mafuta, ikabanduka. Tukapanga magunia na maboksi ukutani, yakaoza. Tuivunje hii stoo, tujenge nyingine."

"Uvunje kazi ya baba yako?"

"Baba alijenga vizuri. Lakini itamaliza tabaga zote. Halafu utabaki na nini?"

Bushira alizitoa tabaga kumi na moja zilizobaki, moja moja, akazilaza kitandani kwake.

Kesho yake Atoo alikuja kuwasalimu. Baba yake Atoo alikuwa polisi, na walikaa nyumba ya jirani. Utotoni Atoo alikula chakula cha mchana kwa Bushira karibu kila siku. Sasa alikuwa mwalimu wa ujenzi katika chuo kimoja.

"Banange, stoo ya Baba Rukiah!" Atoo alisema kwa mshangao, akiinama kuingia. "Mimi na Rukiah tulijificha humu nyuma ya magunia ya karanga. Hamkutupata hata siku moja."

"Tuliwasikia mkicheka," Bushira alisema. "Tulijifanya hatuwaoni."

Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana.

Atoo alipitisha kiganja ukutani. Kilirudi kimelowa.

"Mama, kwanza tujue maji yanatoka wapi. Tusinunue chochote kabla ya kujua."

Alikata vipande viwili vya kavera, plastiki nyembamba isiyo na rangi. Kimoja alikibandika sakafuni, kingine ukutani, akaziba kingo zote kwa selotepu.

"Msiviguse kwa siku mbili," alisema.

Baada ya siku mbili walitazama pamoja. Sakafuni, maji yalikuwa chini ya kavera. Ukutani, matone yalikuwa juu yake, upande wa chumbani.

"Kale, sawa," Atoo alisema. "Maji ya sakafu yanapanda kutoka ardhini. Haya ya ukutani yanatoka hewani. Rukiah, umeona chupa ya soda ikitolewa kwenye friji?"

"Inatoa jasho."

"Lakini haivuji. Hewa ya joto imegusa kitu cha baridi, ikaacha maji. Huu ukuta umeegemea udongo wa mlima, kwa hiyo ni baridi. Mvuke wa jiko lenu unaingia humu, unaugusa, unageuka maji."

"Kwa hiyo mwizi ni maharagwe yangu?" Rukiah aliuliza, na wote wakacheka.

Atoo alieleza kazi itakayofanywa. Kwanza, maji ya nje yazuiwe. Pili, ukuta uachwe ukauke. Mwisho, ndani kuwekwe bodi za povu gumu, kama lile linalokuja ndani ya boksi la televisheni. Povu lingezuia hewa ya joto isiguse bloku za baridi.

"Utafunika bloku zote?" Bushira aliuliza.

"Zote, Mama. Tukiacha pengo, jasho litarudi pale pale."

Bushira aliweka mkono ukutani. Uso wake ulibadilika.

"Hizi bloku nilizimwagilia mimi. Nikizifunika, ni kama namzika Dawudi mara ya pili."

Atoo akasema taratibu, "Tuanze na nje. Mambo ya ndani tutayazungumza baadaye."

Mwezi wa Juni mvua ilipungua. Atoo alileta fundi aitwaye Kakule, mtu wa Beni, Kongo, aliyekaa mtaa wa Namuwongo. Nyuma ya stoo, udongo ulikuwa umeshuka kidogo kidogo kwa miaka mingi na kuuegemea ukuta. Kakule alichimba siku nzima. Alasiri akaita, "Mama, kuja uone!"

Mistari mitatu ya bloku ilikuwa imetokea, bloku ambazo hazikuona jua kwa miaka mingi. Bushira alileta ndoo na brashi, akapiga magoti, akaziosha. Pembe zake zilikuwa bado kali.

"Huyu mzee alijua kazi," Kakule alisema. "Angalia, mstari umenyooka kabisa."

"Alitumia uzi wa kushonea," Bushira alisema. "Uzi wangu. Nilimgombeza siku hiyo." Machozi yalimtoka huku akicheka. Kisha alimgeukia Atoo. "Ndani funikeni. Huku nje nitaziona kila siku."

Kakule alichimba mtaro, akaujaza kokoto ili maji yateremke mbali na ukuta. Alifunga mfereji wa bati kwenye paa. Walingoja wiki sita, mlango ukiwa wazi mchana kutwa. Kisha walifunga vitambaa puani, wakasugua kuvu kwa maji ya sabuni, wakaacha pakauke tena.

Sakafuni Kakule alitandika kavera nzito na kuikunja ipande ukutani kidogo. Juu yake alipanga bodi za povu, kisha wavu wa waya na saruji. Ukutani alibandika bodi za povu kwa gundi, zikashikana na bloku kila mahali. Aliziba kila kiungo.

"Tuache hivi hivi," Rukiah alisema. "Ni nyeupe, zinapendeza."

"Hapana," Atoo alisema. "Povu linashika moto haraka, na moshi wake ni sumu. Lazima lifunikwe."

Kakule alilifunika kwa bodi za saruji. Alitoboa pia dirisha jikoni ili mvuke utoke nje. Rukiah akazoea kufunga mlango wa stoo kabla ya kupika. Rafu mpya ziliwekwa mbali kidogo na ukuta, mkono uweze kupita nyuma.

Mvua za Oktoba zilikuja kwa nguvu. Kila Ijumaa Bushira aliingia stoo bila viatu. Sakafu haikumuuma miguu kwa baridi. Alipitisha kiganja ukutani, kikarudi kikavu. Tabaga zote kumi na moja, zikiwa zimerudi rafuni, zilinukia ukindu tu.

Desemba, Latif, mtoto wa Rukiah, alioa. Sinia za wali zilipitishwa mbele ya wageni, kila moja na tabaga yake. Bibi mmoja mzee alimshika mkono aliyebeba sinia ya kwanza, akainama kutazama.

"Ufumaji huu sijauona tangu nilipokuwa msichana," alisema. "Mmeutoa wapi?"

Bushira alifungua mdomo, lakini Rukiah alimtangulia.

"Ni kazi ya bibi yangu," alisema. "Njoo nyumbani, nikuonyeshe zinakokaa. Baba alipajenga mwenyewe."