Tairi Lisilo na Ndugu

Tairi la mbele kushoto lilipasuka katikati ya uwanda wa chumvi, mahali ambapo hata kunguru hupita juu bila kutua. Gari liliyumba, likaburura tumbo kwenye udongo, likasimama limeinamia upande mmoja kama mtu aliyeteguka mguu. Mikidadi alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili. Dada yake Tatu, aliyeketi kando yake, alitamka shahada kwanza, ndipo akauliza kuna nini.

"Tairi tu, dada. Jambo dogo."

Dogo la nani! Aliposhuka aliona kisiki cha mkoko kimechomoza kwenye tope, kimelichana tairi ubavu mzima, na rimu imepinda ukingoni. Spea hakuwa nayo. Alisimama pale jua likimpiga kisogoni, akijua vizuri spea yake ilikokwenda, na hakutaka Tatu amuulize.

Tatu alimuuliza.

"Niliiuza pamoja na yale mengine," akasema. "Haikufanana na haya mapya."

Ili mtu amwelewe Mikidadi, ni lazima ajue kwamba alitoka kijijini kwa mama yake, ng'ambo ya Saadani, akiwa amebeba mfuko wa plastiki, na vijana wenzake wakamcheka. Sasa alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Bagamoyo na gari kubwa jeupe. Idi mbili zilikuwa zimepita akimuahidi mama yake, Bi Shufaa, kwamba atakuja gari likikaa sawa. Gari lilikuwa sawa siku zote. Alichotaka ni kuingia kijijini kwa namna ambayo kila dirisha litafunguliwa.

Alhamisi simu ikaja: mama hajiwezi. Anawataka wanawe wawili, ampe kila mmoja radhi yake mkononi. Tatu alitaka waondoke saa ile ile. Mikidadi akasema matairi mapya yanafungwa Ijumaa, wataondoka Jumamosi alfajiri, mama ni mgonjwa wa siku nyingi, siku moja haitamdhuru. Maneno hayo aliyasema kwa sauti nyepesi kabisa, na ndiyo yaliyokuja kumkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Hata gereji alionywa. Fundi Twalib alitazama zile rimu za inchi ishirini zilizong'aa, na matairi membamba yaliyozizunguka, akakuna kichwa.

"Bosi, kwa Saadani usivue hizi za inchi kumi na saba. Porini funga tairi lenye ndugu. Likikufia, nduguye yuko Miono, yuko Saadani, yuko kwenye kila pikapu inayopita. Hili ndugu zake wote wako Dar."

"Nawe Twalib, hata tairi unalitafutia ukoo?" Mikidadi alicheka. Twalib naye akacheka, akayafunga, maana kazi ni kazi. Yale ya zamani, rimu na spea yake, yalichukuliwa na mteja mwingine kabla gari halijatoka uwanjani.

Sasa pale uwandani walikuwa na chupa moja kubwa ya maji, chapati alizofunga Tatu, na simu zisizoshika mtandao. Upande wa mashariki mikoko ilijipanga ukuta wa kijani, na nyuma yake bahari ilisikika ikivuma. Magharibi kulikuwa na nyasi ndefu na vichuguu, makazi ya nyati na tembo wa hifadhini. Kijiji kilikuwa kaskazini, mbali, ng'ambo ya ule weupe uliokuwa ukimeremeta.

Jua lilikuwa limepanda waliposikia mngurumo. Pikapu kuukuu ilitokea kusini, imebeba magunia matupu ya chumvi. Dereva wake, Maulidi, alikuwa mtu mwembamba mwenye maneno mengi. Alisalimia, akainama, akatazama lile tairi.

"Pole, kaka. Spea ninayo, mpya kabisa. Ngoja."

Moyo wa Mikidadi ulitulia. Maulidi aliishusha spea yake, akaiviringisha hadi penye gari, akaiegemeza kwenye kitovu cha gurudumu. Akahesabu matundu ya nati.

"Yangu matundu sita. Yako matano."

"Basi tutoe tairi peke yake, tulivishe kwenye rimu yangu."

"Langu kumi na saba, kaka. Rimu yako ishirini. Utamvishaje mtu mzima kofia ya mtoto?" Aligonga ile rimu kwa ukucha. "Lilikujaje gari hili? Halikuja na hizi."

"Lilikuja na za kumi na saba."

"Ungekuwa nazo hizo, mitaimbo ya kuvulia tairi ninayo, pampu ninayo, tungelivisha langu hapa hapa kwa mikono, saa hizi unaondoka."

Msaada ulikuwa umemjia Mikidadi mpaka miguuni, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameuzibia mlango.

"Basi pandeni kwangu," Maulidi akasema. "Naelekea huko huko. Gari mtalifuata kesho."

Tatu alikwishachukua mkoba wake. Mikidadi hakusogea. Alizitazama rimu tatu zilizobaki, zinawaka juani.

"Nikiliacha watazivua."

"Nani?" Tatu aliuliza. "Nyani?"

"Dada, hujui watu wa siku hizi. Tangulia wewe. Maulidi akikufikisha arudi na rimu yoyote ya matundu matano, kijijini haitakosekana. Jioni niko kwa mama."

"Mikidadi, mama hakuitii gari. Anakuita wewe."

"Nakuja, nimesema!"

Tatu akaiweka chupa ya maji na chapati juu ya boneti, akapanda pikapu. Maulidi aliwasha gari, akatoa kichwa dirishani.

"Leo bamvua, lakini maji huwa hayafiki magurudumu hapa. Nitarudi kabla ya alasiri."

Pikapu ilipungua, ikawa nukta, ikayeyuka kwenye ule mmeremeto. Mikidadi alikuwa mzaliwa wa pwani. Neno bamvua lilipaswa kumtoa pale mbio, kwa maana hakuna mtoto wa mwambao asiyejua kwamba siku hizo bahari hujaa kupita kawaida. Lakini siku alizokaa dukani akiuza misumari zilimfanya aisahau bahari, naye akaketi kwenye kivuli cha gari kulinda mali yake.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Alichoka kukaa, akaamua kulinyanyua gari ili aunyooshe ule ukingo wa rimu uliopinda kwa nyundo. Aliweka ubao chini ya jeki, akapandisha. Udongo ulionekana mgumu juu, ndani ni uji. Jeki ilizama upande, ikateleza, na gari likashuka juu ya mkono wake wa kushoto. Alipiga ukelele ambao haukusikiwa na mtu. Aliuchomoa mkono kwa kuchimba tope kwa ule mwingine, akaona kiganja kimechanika toka kidole gumba hadi kwenye kifundo cha mkono, damu inatiririka. Alichana shati, akafunga kwa meno. Maji mengi ya kunywa yaliishia kuosha lile jeraha.

Alasiri ilifika. Maulidi hakufika. Badala yake, Mikidadi aliona kitu chembamba kinang'aa kwenye mizizi ya mikoko, kinatambaa kuja kwake bila kelele. Mvua za masika zilikuwa zimeijaza mito, na bahari ilipopanda ikakutana na maji yasiyo na pa kwenda. Yalipita magurudumu, yakapita vizingiti, yakaingia ndani na kuelea na mazulia. Alipanda juu ya paa. Kila upande alioutazama palikuwa maji, na gari likawa linazama taratibu kwenye ule uji, upande wa kushoto kwanza.

Hapo ndipo alipoanza kulia, na hakulia kwa ajili ya gari. Alimwona mama yake amelala kitandani akitega sikio. Alikuwa na nafasi ya kuwa pale tangu mchana, amekaa chini, amemshika mkono. Alikuwa amepewa kiti, akachagua kulinda chuma.

Jua lilikuwa linaelekea vichakani. Kubaki juu ya paa lililokuwa likilala upande kulikuwa hatari kuliko kuondoka, akapiga moyo konde, akaingia majini. Yalimfika kifuani. Alielekea magharibi, ambako ardhi ilikuwa juu, akipapasa tope kwa vidole vya miguu. Mara mbili lilimshika hadi magotini, na mara ya pili aliviacha viatu vyake humo. Chumvi iliingia kwenye jeraha, akatamani kuukata ule mkono autupe. Alipofika kwenye nyasi alitambaa, akaona kichuguu kirefu, akakipanda. Chini yake kundi la nyati lilikuwa limekimbia maji kama yeye, wanapumua kwa nguvu, wala hawakumjali. Alikaa hapo hadi kulipopambazuka, anatetemeka, anaomba dua moja tu, kwamba mama angoje.

Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa. Ulimi ulimvimba, midomo ilipasuka. Alilenga kaskazini, jua begani kulia, akitembea pembeni mwa nyasi asije akanasa tena. Kila alipotaka kuketi alijikumbusha kwamba akiketi hatainuka. Kiu ilimzidi hadi alipoona unyayo wa tembo umejaa maji ya mvua, mekundu, yana vidudu. Alilala kifudifudi, akayanywa yote, akashukuru.

Hatimaye aliona vilima vyeupe vidogo, na watu wenye majembe wamesimama kati yavyo. Walikuwa wakusanya chumvi. Mmoja wao, mama mtu mzima aliyeitwa Bi Mosi, alimpa maji kidogo kidogo kwenye kikombe, akamzuia asinywe kwa pupa, akamtazama usoni.

"Wewe si mtoto wa Shufaa?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bi Mosi aligeuza uso, akamwita kijana wake alete baiskeli.

Kwa hiyo hivyo ndivyo Mikidadi alivyoingia kijijini, baada ya Idi mbili za kujipanga: miguu mitupu, tope hadi kifuani, amepakiwa nyuma ya baiskeli ambayo tairi lake lilishonwa kwa uzi wa nyavu. Madirisha yalifunguliwa kweli. Hakuna aliyecheka. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, mikono yao bado ina mchanga, na mmoja baada ya mwingine walimpa pole na kupita.

Maulidi alikuwa miongoni mwao. Alimshika bega. "Nilirudi, kaka. Wallahi nilirudi, nikakuta njia bahari tupu. Alfajiri tumekwenda kukutafuta na mtumbwi, gari tumeliona, wewe hatukukuona." Alikuwa analia, na Mikidadi alimwambia hana kosa, kwa sababu ni kweli hakuwa nalo.

Tatu alikuwa mkekani, uani, kati ya wanawake. Alipomwona alisimama, akamkumbatia na tope lake, kisha akamketisha na kuanza kuufungua ule mkono.

"Jana magharibi," akasema kabla hajaulizwa. "Baada ya adhana. Niliwaomba wangoje asubuhi hii, wakangoja mpaka jua lilipopanda. Maiti hacheleweshwi, Mikidadi."

"Aliniuliza?"

"Kila aliposikia mlio nje. Nikamwambia unabadilisha tairi. Akasema, 'Mwacheni abadilishe vizuri, njia yetu mbaya.'"

Mikidadi aliinamisha kichwa. Tatu aliendelea kuosha jeraha polepole, akiyatafuta maneno.

"Mimi alinishika mkono, akanipa radhi yangu. Alipomaliza kwangu akaulaza mkono ule ule juu ya shuka, kiganja juu. Akasema, 'Sasa Mikidadi.' Shangazi Wahida alitaka kuufunika, kulikuwa na baridi. Alikataa."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Sisi tuliomwosha ndio tuliovikunja vidole."

Alilia mbele za watu wote, mkono wake wa kulia umelala wazi gotini, na Tatu akamwacha alie.

Gari lilivutwa kutoka topeni wiki iliyofuata, injini imekufa, viti vimeoza. Matairi matatu yalikuwa mazima kabisa. Yalipooshwa yaling'aa kama siku ya kwanza, hata kijana mmoja akayasifu. Mikidadi alimwambia ayachukue afanyie atakalo.

Siku hizi anaendesha pikapu ya mtumba yenye matairi ya kumi na saba, na huenda kaburini kila mwezi. Nyuma hubeba spea mbili, moja yake, moja ya yeyote. Akimkuta mtu amekwama kwenye njia ile hashushi maneno mengi. Huiviringisha spea, hufunga nati yeye mwenyewe, na mwenye gari akianza kuuliza ataijuaje nyumba ya kuirudishia, humkatisha.

"Utaileta siku yoyote. Kuna mtu anakungoja huko?"

"Yupo, kaka."

"Basi wahi kwanza," husema Mikidadi, naye husimama njiani hadi gari lile lipotee machoni.