Viatu vya Kivuva

Philister alikuwa na haya, na mtu mwenye haya hutazama chini. Ndiyo maana aliona jambo ambalo wenzake hawakuliona. Kila Mwalimu Sifuna alipotaja neno, na kabla ya mtu yeyote kuondoka mahali pake, macho ya darasa zima yalishuka hadi kwenye viatu vya Kivuva.

Vilikuwa viatu vyeusi vya shule kama vya wengine, ila kamba zake zilikuwa nyekundu. Vikielekea dirishani, Gredi ya Tano yote ilielekea dirishani. Vikigeuka kwenda mlangoni, wote waligeuka. Philister naye alivifuata.

Darasa lao lilikuwa ghorofani, karibu na soko la Kangemi. Kuta zilikuwa za mabati na sakafu ya mbao. Kabla ya Mwalimu Sifuna kuja muhula huo, walikaa tangu gwaride la asubuhi hadi mapumziko, bega kwa bega. Jua lilipopanda, mabati yalipata moto na watoto wakaanza kujinyonganyonga kwenye mabenchi. Huyu alitafuna kalamu, yule alikwaruza deski kwa kucha. Mguu wa kulia wa Philister ulitikisika wenyewe. Akiuzuia, ulitulia kidogo, kisha ukaanza tena.

"Wewe, hiyo mguu yako ina nini?" Stacy, aliyekaa naye, alimnong'oneza siku moja. "Naandika kama mtu ako ndani ya lori."

Mwalimu Sifuna alikuwa akipita. Alisimama.

"Stacy, hiyo mguu yako, au huo mguu wako?"

"Huo mguu wako, Mwalimu."

"Na kwa nini unatikisika, Philister?"

Philister aliinama. Mwalimu alitazama mabenchi mengine, akaona magoti mengi yakicheza. Alicheka kidogo, kisha akawaambia wasukume madeski yote katikati.

Ndivyo masomo ya kutembea yalivyoanza. Mlangoni palikuwa ngeli ya A-WA. Dirishani palikuwa KI-VI. Chini ya ubao palikuwa LI-YA, na ukuta wa nyuma ulikuwa U-I. Mwalimu alitaja neno nao wakaenda kwenye ngeli yake. Akisema "kikombe" walikwenda dirishani wakasema, "Kikombe changu kimevunjika." Akisema "mti" walikwenda nyuma, wakasema, "Mti wangu umeota."

Philister alipenda kipindi hicho kuliko vyote. Akirudi kuketi, mguu wake ulitulia, na maneno ya ubaoni yalisomeka bila kumchosha. Hata Stacy aliacha kulalamika kuhusu lori.

Waliolalamika walikuwa chini. Katika ghorofa ya chini kulikuwa na Gredi ya Kwanza, na wakubwa walipohama kutoka ukuta hadi ukuta, vumbi lilipenya katika nyufa za mbao na kuwaangukia watoto wadogo vichwani. Siku ya Jumatano, Mwalimu Mkuu, Bibi Wanjugu, alipanda ngazi polepole huku akipangusa begani.

"Mwalimu Sifuna, hapa ni darasani au ni uwanjani?"

"Darasani, Mwalimu. Wanajifunza ngeli."

"Naona wanajifunza kukimbia." Aliwatazama wanafunzi mmoja mmoja. "Ijumaa nitakuja mwenyewe niwape maneno. Wakijua, tutatafuta njia ya hilo vumbi. Wasipojua, madeski yanarudi mahali pake na wanakaa chini kama watu."

Aliposhuka, Kivuva alijinyoosha. "Msiogope. Ngeli nazijua zote."

"Kivuva akijua, sisi tumejua," Stacy alisema, na darasa likacheka.

Philister hakucheka. Kuna kitu kilimsumbua, wala hakujua ni nini.

Alikijua jioni. Yeye na mama yake, Milcah, waliishi katika chumba kimoja nyuma ya soko. Mama alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa karibu na mlango ili apate mwanga. Philister alisukuma viti, akamwomba ataje maneno.

"Maneno gani?"

"Yoyote, Mama. Mimi nitaenda kwenye ngeli yake. Kitanda ni KI-VI, jiko ni LI-YA."

"Basi nenda. Mkasi."

Philister alisimama katikati ya chumba. Alitazama sakafuni, lakini hapakuwa na kamba nyekundu za kufuata. Miguu yake haikujua pa kwenda.

"Shati," mama alisema. "Haya, kitambaa. Mbona umesimama kama nguzo ya stima?"

"Sijui, Mama."

"Si unasema mnajifunza kila siku?"

Uso wa Philister ulipata moto. Siku zote hizo alikuwa ametembea sana, lakini hakuwa amefikiri hata kidogo. Na kama yeye alikuwa hivyo, Stacy je? Na wale wengine wote walioinamisha macho?

Alianza upya, polepole. Mkasi, mikasi: u, i. Alikwenda ukutani. Shati, mashati: li, ya. Alikwenda kwenye jiko. Mama alizidi kutaja maneno huku miguu yake ikikanyaga cherehani. Mara akasimama, akajikuna shingoni.

"Kiroboto."

Philister alikwenda kitandani, kwenye KI-VI. Alipofika alisita. Mwalimu Sifuna alikuwa amesema jambo siku ya kwanza, mara moja tu: kiumbe hai huenda A-WA, hata jina lake likianza na ki.

"Mama, kiroboto kinauma au anauma?"

"Usiniulize mimi. Mimi ningesema inauma, halafu nimwue."

Walicheka mpaka mama akakosea mshono. Lakini Philister alirudi mlangoni, akagusa mlango kwa mkono. Anauma. Kifaru analala. Kiboko anakula. Kipepeo anaruka. Kila neno alilitembeza hadi likakaa mahali pake.

Ijumaa, Bibi Wanjugu alikuja na kiti chake, akakaa mbele. Mwalimu Sifuna alisimama kando, mikono nyuma. Alionekana kama mtu anayengoja matokeo yake mwenyewe.

"Jicho," alisema Mwalimu Mkuu.

Viatu vya Kivuva vilikwenda ubaoni, na darasa lote likavifuata. "Jicho langu linaona," waliitikia.

"Mkate."

Ukuta wa nyuma. "Mkate wangu umeliwa."

Bibi Wanjugu alitikisa kichwa kukubali. Mwalimu Sifuna alipumua. Watoto walianza kukonyezana.

"Kifaranga."

Viatu vilizunguka, vikaelekea dirishani bila kusita. Sakafu ilinguruma. Philister aliinua mguu kuvifuata, kisha akaurudisha chini. Kifaranga hupumua. Kifaranga ni A-WA, na mlango ulikuwa upande mwingine kabisa.

Alijua kitakachotokea. Akienda na wenzake, watakosea pamoja na hakuna atakayemtazama. Akienda peke yake, darasa zima litamwona. Alianza kutembea.

"Philister," Kivuva aliita kwa sauti ya chini. "Njoo huku. Unatuharibia."

"Ameanza hiyo haya yake," mwingine akasema. "Anataka kutoka nje."

Philister alifika mlangoni, akageuka, akabaki pale peke yake.

"Dirishani, semeni," Bibi Wanjugu alisema.

"Kifaranga changu kinakula."

"Mlangoni."

Philister aligusa mlango kwa mkono. "Kifaranga wangu anakula."

Kutoka sokoni ilisikika sauti ya mtu anayeuza nyanya. Bibi Wanjugu alisimama.

"Darasa zima, aliyejua ni mmoja. Mwalimu Sifuna, nilikupa nafasi. Warudishe madeski."

Mwalimu Sifuna hakubisha. Alishika ukingo wa deski la kwanza, na Philister akaona kwamba kila kitu kilikuwa kinakwisha: watakaa tena chini ya mabati ya moto, na mguu wake utaanza tena.

"Mwalimu," alisema. Wote walimgeukia, naye akatazama sakafu ndipo akaweza kuendelea. "Si kutembea kulikoharibu. Hatufikiri. Tunatazama viatu vya Kivuva halafu tunavifuata. Hata mimi nilikuwa navifuata. Juzi nilijaribu nyumbani nikakuta sijui kitu."

"Mimi sikumwambia mtu anifuate," Kivuva alisema haraka.

"Ni kweli hukutuambia," Stacy alisema. "Lakini tunakufuata. Mwalimu, hata mimi. Kifaranga sijui ni ya wapi. Ni wa wapi."

Watoto wachache walicheka, kisha mikono ikaanza kuinuka mmoja mmoja. Na mimi. Na mimi, Mwalimu. Mwalimu Sifuna aliachilia deski.

"Basi kosa ni langu pia," alisema. "Nilitazama kama mmehama. Sikutazama nani aliyewaza." Alifikiri kidogo. "Mwalimu Mkuu, naomba tujaribu jambo moja kabla hujashuka. Rudisheni madeski, kisha simameni, kila mtu kando ya deski lake. Hakuna kuhama. Fumbeni macho."

Aliwaonyesha ishara. Kwa A-WA, mkono kifuani, kwa sababu kiumbe hai hupumua. Kwa KI-VI, kuchuchumaa. Kwa LI-YA, mikono kuzungushwa mbele kama mtu aliyekumbatia boga. Kwa U-I, mikono juu kama matawi ya mti.

"Macho yamefumbwa? Kipepeo."

Bibi Wanjugu aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona darasani. Wengine walichuchumaa, wengine walishika kifua, na mmoja alikumbatia boga kwa nguvu zake zote. Kivuva alichuchumaa nusu, akasita, akasimama, akaweka mkono kifuani. Kila mwili ulikuwa unasema ulichokijua na usichokijua.

"Sasa naona nani wa kumsaidia," Mwalimu Sifuna alisema. Alipita kati ya madeski, akamgusa mmoja begani, akamnong'oneza mwingine. "Tena. Kiti. Kifaru. Embe. Mkono."

Waliinuka na kuchuchumaa, wakanyoosha mikono na kukumbatia hewa, hadi mashati yakachomoka na mashavu yakang'aa kwa jasho. Makosa yalipungua. Bibi Wanjugu alishuka chini na kuangalia dari ya Gredi ya Kwanza. Aliporudi, begani pake hapakuwa na vumbi.

"Fumbueni macho mkae," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa laini. "Mwalimu wenu yuko sahihi. Mtoto si gunia, kwamba utamweka mahali akae mpaka jioni. Mwili ukichangamka, kichwa nacho huamka. Nyoosheni viungo katika kila somo, nami nitawaambia walimu wengine. Lakini sikieni na hili. Miguu ya mwenzako haiwezi kufikiri kwa niaba yako. Ukikosea kwa akili yako mwenyewe, mwalimu atajua pa kukushika mkono. Ukipata kwa kumfuata mwingine, hata aliye tayari kukusaidia hatakuona." Alimgeukia Philister. "Asante kwa kusimama mlangoni."

Kivuva alimsogelea Philister, akamwuliza kwa sauti ndogo, "Kifaranga ulijuaje?"

"Nitakuonyesha wakati wa chakula," Philister alisema.

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha hisabati. Mwalimu Everlyn aliwasimamisha kwanza wakazungusha mabega, kisha akachora sehemu ubaoni: robo, theluthi, nusu. Alieleza, akapanga tarakimu, akapiga mstari chini ya jibu.

"Mmeelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu," darasa liliitikia kwa pamoja.

Tangu Gredi ya Kwanza, Philister alikuwa ameitikia hivyo katika kila somo, akijua au asijue, kwa sababu sauti moja ndani ya sauti nyingi haisikiki. Safari hii hakuitikia. Alisimama, akainua macho na kumtazama mwalimu.

"Mwalimu," alisema, "mimi sijaelewa."